Bima Moja, Mishi Wawili

Mchi ulishuka.

Tangu Jumamosi iliyopita, msomaji, mchi huo umening'inia hewani, na Mishi amesimama chini yake mlangoni mwa nyumba ya bati pale Tarasaa, kisu cha kuparia samaki mkononi. Mbele yake ni mwanamke kijana mwenye tumbo kubwa, mikono yote miwili imeushika mchi wa kinu. Kwa uliyechelewa kujiunga nasi, nakuhadithia kwa ufupi. Mishi Abdulsalam, mzaliwa wa Kipini, ameishi na mumewe Abdulnasser miaka tisa bila mtoto. Kampuni ya mpunga anakofanya kazi Abdulnasser ina bima inayolipia matibabu ya uzazi, kwa mfanyakazi na mke mmoja tu. Abdulnasser akamwambia mkewe kwamba bima imekataa, eti kutozaa si ugonjwa. Mishi hakuridhika. Akaenda mwenyewe kliniki Malindi, akaweka kidole kwenye mashine, na mashine ikamkana. Mishi Abdulsalam, akaambiwa, ametibiwa zamani, na sasa ana mimba ya miezi minane.

Mwenye mimba hiyo, ambaye Mishi amemfuatilia mpaka hapa, ndiye huyu mwenye mchi.

Mishi alikwepesha kichwa. Mchi ukampata nyongani, akasikia maumivu yakipanda mpaka kwenye meno. Akaanguka kwa goti moja. Mchi ukainuliwa tena, na safari hii Mishi hakungoja. Alimvamia yule mwanamke miguuni, wote wawili wakaenda chini, kinu kikapinduka, mchele ukamwagika sakafuni kote.

Walipigana kimya. Walipigana kama watu wasiotaka majirani wasikie. Kucha zikachana mashavu, kiwiko kikavunja jino. Mwisho Mishi akawa juu, goti lake kwenye mkono wa mwenzake, kisu kooni.

Hapo tumbo lile likacheza. Mtoto alipiga teke, na teke likampata Mishi kwenye paja.

Mishi akaganda.

"Jina lako nani?" akauliza, pumzi juujuu.

"Mishi."

Akamzaba kofi. "Nakuuliza jina ulilopewa na mama yako."

"Sumeya."

"Na langu ulipewa na nani?"

"Na mume wangu." Sumeya alitema damu pembeni. "Alisema mwenyewe amekufa."

"Amekufa nani?"

"Mishi. Mkewe wa kwanza. Alisema alikufa kwa homa huko Kipini kabla hajanioa mimi. Alisema bima haina habari, na kubadilisha jina kutachelewesha matibabu. Basi niweke kidole changu mahali pa marehemu. Alikuwa akilia, dada. Nikamwonea huruma."

"Marehemu ndiye mimi," Mishi akasema.

Sumeya akamtazama. Alimtazama uso, akamtazama mikono, akamtazama pete. Kisha akaanza kulia, si kwa kuogopa kisu.

"Wewe ni msichana mwenye afya yako," Mishi akasema. "Kwa nini upelekwe kwa madaktari?"

"Si mimi niliyekuwa na kasoro."

"Nani, basi?"

"Yeye. Daktari alisema mbegu zake ni dhaifu. Bila kusaidiwa hapati mtoto kwa mwanamke yeyote. Nilidhani atashtuka. Akasema tu, 'Najua.'"

Mishi alishuka kutoka juu yake. Akakaa sakafuni katikati ya mchele, kisu kikiwa kimelala mapajani. Miaka tisa alikunywa kila mzizi aliochemshiwa. Miaka tisa mawifi zake walimwita tasa harusini, mbele ya watu, naye akainamisha kichwa na kuendelea kupakua pilau. Usiku alimwomba Abdulnasser msamaha. Na Abdulnasser alimpigapiga mgongoni, akamwambia, nimekusamehe.

Alijua.

Nje pikipiki ikazimwa.

"Ni yeye," Sumeya akanong'ona.

Abdulnasser aliingia akiwa amevaa shati la kazini, limepigwa pasi vizuri. Ni mtu mpole wa maneno, huyu bwana. Hapigi kelele. Aliwatazama wake zake wawili sakafuni, akautazama mchele, kisha akageuka akaufunga mlango kwa komeo.

"Mishi," akasema. "Afadhali nimekukuta. Nilikuwa nije Kipini kukutafuta."

"Umesema nimekufa."

"Watu wa bima wamenipigia simu. Kuna mwanamke amekwenda Malindi kulalamika, eti jina lake limeibwa. Wanakuja kulinganisha vidole. Unajua hiyo ni nini kwangu? Ni kazi, na ni jela."

"Ungefikiria hayo mapema."

"Nilifikiria," Abdulnasser akasema, na mguu wake ukakipiga kisu kikaenda chini ya kitanda.

Mishi alijaribu kusimama, nyonga ikamkatalia. Abdulnasser alimkamata nywele, akamburuta kupitia mchele mpaka kwenye jiko la makaa lililokuwa pembeni. Sufuria ya maharagwe ilikuwa ikichemka juu yake. Aliisukuma kwa kiatu, maharagwe yakamwagika, makaa yakabaki wazi, mekundu.

"Mashine haisomi sura," akasema kwa sauti ile ile ya upole. "Inasoma kidole, tena cha mkono wa kulia."

Akaushika mkono wa kulia wa Mishi, akaifungua ngumi kidole kwa kidole, akaukandamiza juu ya makaa.

Mishi alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Alimuuma mumewe mkononi, akasikia ladha ya damu yake, lakini Abdulnasser hakuachia. Harufu ilijaa chumbani, harufu ambayo msomaji sitakueleza.

"Uliniambia amekufa," Sumeya akasema kutoka nyuma.

"Nyamaza, wewe. Una mtoto wangu tumboni."

"Uliniambia amekufa, Abdulnasser."

"Basi subiri afe."

Mchi ulimpata kati ya shingo na bega. Abdulnasser akamwachia Mishi, akaanguka mbele, magoti yake yakaingia kwenye makaa. Aliinuka akilia kama mnyama. Sumeya akainua mchi mara ya pili. Lakini tumbo lilimfanya mzito, na Abdulnasser alikuwa ameshajirusha chini ya kitanda na kutoka na kisu.

Ilikuwa mara moja tu. Kisu kiliingia ubavuni, chini ya mbavu, kikatoka.

Mchi ukaanguka. Sumeya akajishika, akatazama damu ikipita kati ya vidole vyake, akaketi polepole kama mtu aliyechoka na safari. Abdulnasser naye alimtazama. Mishi aliuona uso wake: mtu aliyevunja kitu chake mwenyewe alichokitunza kuliko vyote. Kisha Abdulnasser akafungua komeo, kisu kikiwa mkononi, akakimbia. Pikipiki ikalia, ikapotea.

Sasa hapo, msomaji, Mishi alikuwa huru kuondoka. Mlango ulikuwa wazi. Mwanamke aliyelala pale alikuwa amemwibia jina, mume na mtoto, hata kama hakujua. Mishi mwenyewe alikuwa na mkono usiotazamika. Alijiburuta mpaka mlangoni, akashika fremu, akasimama.

"Dada," Sumeya akasema. "Anacheza bado. Mtoto anacheza bado."

Mishi akarudi.

Aliivua leso yake kiunoni, akaikunja kwa mkono mmoja na meno, akaikandamiza kwenye jeraha. Akaita watu. Aliyefika wa kwanza alikuwa Gershom, Mpokomo wa Golbanti, ambaye huleta ndizi sokoni hapo na hata kule Kipini kwa Mishi, kwa pikapu yake. Alichungulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, nani amefanya hii?"

"Gershom, gari lako liko na mafuta?"

"Liko."

"Basi uliza baadaye."

Walimlaza Sumeya nyuma, juu ya majani ya migomba yaliyobaki. Gershom aliendesha kama gari limeibwa. Mishi alikaa amempakata Sumeya kichwa, leso yake nyingine ikiwa imefungwa mkononi, na kila tuta lilipowarusha wote wawili walilia pamoja.

Hospitali iliyokuwa karibu ni ile ya binafsi pale Minjila. Walimpokea haraka, hilo tuseme ukweli. Daktari aliweka mkono kwenye tumbo, akasikiliza, akasema mtoto yuko hai lakini si kwa muda mrefu, na mama anavuja damu kwa ndani. Apelekwe chumba cha upasuaji sasa hivi.

Lakini mapokezi palikuwa na Janet, dada mwenye miwani, na mbele ya Janet palikuwa na mashine.

"Ana bima?" Janet akauliza.

"Anayo," Sumeya akajibu mwenyewe, amefumba macho. Akanyoosha kidole, kama alivyozoea.

Mashine ikalia mlio mzuri. Janet akasoma kwenye kioo. "Mishi Abdulsalam. Mke wa Abdulnasser." Halafu akakunja uso. "Lakini jina limefungwa. Kuna malalamiko. Kuna mtu Malindi amesema huyu si Mishi wa kweli. Mpaka bima wathibitishe, siwezi kuruhusu upasuaji. Ama mlipe kwanza, ama tumpeleke hospitali ya serikali Malindi."

"Malindi ni mbali," daktari akasema kutoka mlangoni. "Atafia njiani, hata Gongoni hatapita."

"Daktari, sheria si yangu. Mwezi jana walinikata mshahara kwa kosa kama hili."

Mishi alisimama ameegemea meza. Malalamiko yale yalikuwa yake. Alikuwa ameyatoa kwa sauti kubwa katika kliniki ya Malindi, mbele ya watu, akiapa kwamba hatapumzika mpaka jina lake lirudi. Na sasa jina hilo ndilo lililokuwa limeziba mlango wa chumba cha upasuaji.

"Wapigie simu," akasema. "Wapigie watu wa bima, nizungumze nao."

"Wewe ni nani wake?"

Mishi alimtazama Sumeya. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Dada yake," akasema.

Janet akapiga. Sauti ya mwanamume ilitoka kwenye simu, sauti ya ofisini, ikasema kwamba mazungumzo yanarekodiwa, ikauliza ni nani.

"Mimi ndiye niliyekuja Malindi," Mishi akasema. "Mimi ndiye niliyesema jina langu limeibwa."

"Ndiyo, mama. Tunalifuatilia suala lako."

"Lifuteni. Nilidanganya. Mimi si Mishi. Mishi ni huyu aliye hapa Minjila na anakufa na mtoto tumboni. Nilimwonea wivu kwa sababu bima ilimpa mimba na mimi sina. Nilitaka kupitia jina lake nitibiwe na mimi."

"Mama, unafahamu kwamba unakiri kosa?"

"Nafahamu."

"Jina lako halisi ni nani?"

Jina moja tu lilikuwa limebaki bila mwenyewe siku ile. "Sumeya," akasema.

Sauti ikazungumza na mtu mwingine, ikarudi. Janet akatazama kioo chake. "Wamefungua," akasema, na kitanda kikaanza kusukumwa kabla hajamaliza neno. Sumeya alikuwa amefumbua macho. Amesikia yote. Alijaribu kusema kitu, lakini mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umeshajifunga.

Muuguzi alimfunga Mishi mkono kwa bandeji nene. Alimwuliza ameunguaje. Mishi akasema jiko. Vidole vyote vitano vilikuwa havina ngozi, na muuguzi akatikisa kichwa akasema hata vikipona havitakuwa vilevile.

Alikuwa bado kwenye benchi, ametazama ule mlango, wakati aliposikia sauti ya upole aliyoijua.

"Ndiye huyu, afande."

Abdulnasser alisimama mapokezi, akichechemea, suruali imeungua magotini, machozi mashavuni. Alikuwa na mwanamume mrefu mwenye jaketi jeusi. Watu waliokuwa wakisubiri walijisogeza ukutani.

"Huyu anaitwa Sumeya," Abdulnasser akawaambia wote. "Nilimsaidia, nikampa chumba Tarasaa. Leo amemchoma kisu mke wangu Mishi kwa wivu. Mimi nilijaribu kumzuia, tazameni alivyonisukuma kwenye moto."

"Muongo," Mishi akasema. "Yeye ndiye aliyemchoma."

"Watu wa bima wamenipigia simu, wamenieleza alivyokiri. Muulizeni dada wa mapokezi. Hakusema mwenyewe kwamba anamwonea wivu?"

Janet alimtazama Mishi kwa macho mengine sasa. "Amesema," akajibu polepole. "Amesema kwenye simu, na imerekodiwa."

Yule mwenye jaketi akasogea. "Jina lako nani, mama?"

Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka juu ya mlango wa chumba cha upasuaji. Nyuma ya mlango ule daktari alikuwa na mikono yake ndani ya Sumeya. Mishi alihesabu jambo moja tu kichwani: akisema mimi ndiye Mishi, Janet ataishika tena simu ile. Watafunga tena. Na hata wasipofunga, atawaonyesha nini, vidole gani?

Abdulnasser alimtazama. Alikuwa amelijua hilo tangu alipoingia, ndiyo maana alikuwa akilia kwa raha namna ile.

"Sumeya," Mishi akasema. "Naitwa Sumeya."

"Twende kituoni Garsen. Utaandikisha maelezo huko."

Gershom aliyekuwa nje alitaka kuwafuata. Mwenye jaketi akamwambia abaki, atahitajika kama shahidi. Mishi akaingizwa kiti cha nyuma cha gari dogo jeupe. Abdulnasser akakaa mbele, kando ya dereva. Dereva ndiye yule mwenye jaketi mwenyewe, na Mishi akaona ajabu kwamba afisa anakuja kukamata mtu peke yake, bila mwenzake, bila sare, bila hata pingu.

Njia panda ya Minjila ilifika. Kwenda Garsen ni moja kwa moja.

Gari likakata kulia, likashika barabara ya Lamu.

"Kituo hakiko huku," Mishi akasema.

Alijaribu mlango. Haukufunguka kwa ndani.

"Wewe si askari," akamwambia dereva.

Dereva akatazama kwenye kioo, akacheka kidogo. Abdulnasser akageuka. Alikuwa ameacha kulia. Kisu cha samaki kilikuwa mapajani mwake, bado kina damu ya Sumeya.

"Unajua, umenirahisishia kazi," akasema. "Nilikuwa naumiza kichwa: nitafanya nini na Mishi wawili? Sasa Mishi yuko hospitali, bima imekubali, hospitali imekubali, hata wewe umekubali. Aliyebaki ni Sumeya, aliyemchoma mtu kisu akatoroka. Watu wa namna hiyo hupotea. Nani atakutafuta?"

"Na yeye akipona akasema?"

"Akipona atakuwa na mtoto wangu mkononi. Hatasema kitu."

Mbele, ng'ombe wa wafugaji wa Kiorma walikuwa wakivuka kabla ya daraja la Tana, wengi, wamejaza barabara. Dereva akapunguza mwendo, akapiga honi, akatoa kichwa dirishani kutukana. Mto ulikuwa umejaa kwa mvua za bara, maji ya kahawia yamepanda mpaka kwenye mizizi ya miti.

Hakuna aliyekuwa akimtazama mwanamke wa nyuma. Mtu aliyekubali kuvuliwa jina, walidhani, amekubali yote.

Aliifungua leso iliyobaki, ile aliyofungia mkono kabla ya bandeji, iliyokuwa mabegani mwake sasa. Aliisokota. Ng'ombe wa mwisho alipovuka, dereva alirudisha kichwa ndani, akakanyaga mafuta, na gari likaruka kuelekea darajani.

Mishi aliirusha leso juu ya kichwa cha dereva, ikamwingia shingoni. Akaweka magoti yote mawili kwenye mgongo wa kiti, nyonga ikilia, akavuta. Alivuta kwa mkono wa kushoto. Halafu akavuta na kwa ule ulioungua, na bandeji ikawa nyekundu.

Dereva aliachia usukani, mikono yake yote ikaenda shingoni.

"Mwachie," Abdulnasser akasema. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Mishi alimsikia akimpazia sauti. "Mishi, mwachie."

"Mishi nani?" akamwuliza, akazidi kuvuta.

Kisu kilikuja kupitia kati ya viti, kikamchana mkono, kikarudi, kikaja tena. Gari lilipiga ukingo wa daraja, likapanda, chuma kikapasuka kwa sauti kubwa. Mishi aliinua macho kutazama barabara kwenye kioo cha mbele.

Hapakuwa na barabara. Kioo chote kilijaa maji.